Kwa mafundi wa darasa la jioni Kibuye: nyinyi si samaki waliokauka

Wanangu,

Jumanne iliyopita viti vinne vilikuwa vitupu. Nilipouliza, mmoja wenu akanijibu kwa heshima: "Mwalimu, wanasema vichwa vimeshakauka. Samaki mkunje angali mbichi." Wengine mkacheka kidogo, mkarudi kwenye milinganyo. Mimi neno lile lilinikesha, kwa sababu methali hiyo niliwahi kuitumia vibaya mwenyewe.

Nilikuwa bado kijana kazini, nafundisha hesabu katika shule moja hapa Kisumu. Jioni moja askari wa usiku, mtu wa miaka 40 hivi, alinisubiri langoni na daftari la mtoto wake mkononi. Alitaka nimfundishe aljebra. Nikamwambia samaki mkunje angali mbichi. Akaitikia kwa kichwa, akalikunja daftari, akalitia ndani ya koti. Hakuniuliza tena. Wakati ule tuliamini kwamba ubongo wa mtu mzima ni kama chungu kilichokwisha kuchomwa: ukitaka kukibadilisha, utakivunja tu. Nilimnyima yule bwana haki yake kwa jambo ambalo si kweli, na sasa sina wa kumwomba radhi.

Methali ile inahusu malezi. Ukimwacha mtoto akazoea utovu wa adabu, utapata taabu kumrudi akishakuwa mkubwa. Msiibebe mkaitua juu ya akili zenu.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi mnaofunga nyaya za umeme. Ndani ya ubongo kuna nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine, na nyingi zimevikwa ganda la mafuta liitwalo mayelini. Ganda hilo ndilo linalofanya ujumbe uende mbio bila kupotea njiani. Nyuzi hizo zikikusanyika huonekana nyeupe. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Allyson Mackey, Kirstie Whitaker na Silvia Bunge, walitoa matokeo ya kazi yao juu ya vijana waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani. Mtihani ule haukuwa wa kukariri vifungu vya sheria. Ulipima kufikiri: ukipewa masharti haya, lipi lazima liwe kweli, na lipi haliwezekani kabisa?

Vijana hao walisoma takriban saa 100 kwa miezi 3. Walipigwa picha za ubongo kabla na baada, kwa mashine inayofuatilia jinsi maji yanavyosambaa kando ya zile nyuzi. Wakalinganishwa na wenzao ambao hawakusoma. Waliosoma walionyesha mabadiliko katika nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na ile ya juu kuelekea kisogoni, na pia zinazounganisha upande wa kushoto na wa kulia huko mbele. Hakuna aliyepewa dawa. Walikaa tu na maswali magumu, jioni baada ya jioni.

Sitawadanganya: hao walikuwa wanafunzi wa chuo au waliohitimu karibuni, tena wachache, na hakuna aliyesema kwamba walitoka pale wakiwa werevu wa kila jambo. Lakini walikuwa watu wazima, na nyuzi zao zilibadilika. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nimfungulie lango yule askari.

Tena kazi yenyewe mnaijua. Mnakumbuka lile swali la karakana? Kazi nne: geti, dirisha, kitanda na jiko. Geti lisiwe la kwanza. Kitanda kifuate dirisha papo hapo. Jiko lisiwe la mwisho. Mipango mingapi inawezekana? Mmoja wenu alipata miwili akafunga daftari. Mwenzake, ambaye husema hesabu si zake, akapiga magoti akachora kwa chaki sakafuni, akafuta, akachora tena, hadi wa tatu ukajitokeza. Kisha akatueleza kwa nini hakuna wa nne. Wanangu, ile kufuta na kuchora tena ndiyo somo lenyewe. Anayenakili jibu kwenye simu ya jirani hajafanya chochote, hata akipata alama zote.

Jambo jingine ni hili la kuacha. Mwaka 2004 watafiti nchini Ujerumani waliwafundisha watu wazima kurusha mipira mitatu na kuidaka kwa zamu. Baada ya miezi 3 sehemu fulani za ubongo wao zilikuwa zimeongezeka. Wakaacha mazoezi, na baada ya miezi mingine 3 ongezeko lile lilikuwa limepungua. Kwa hiyo wale wanne mliobaki nyumbani, siwalaumu. Najua geti la mteja halingoji na watoto hawalali njaa ili baba asome. Lakini msiniambie kichwa kimekauka. Niambieni mmechoka, nami nitasogeza saa.

Nitafungua mlango Jumanne saa kumi na mbili na nusu. Njooni hata na ovaroli zenye mafuta. Mje na lile swali la karakana, nimeongeza sharti moja: geti liishe kabla dirisha halijaanza. Sasa umebaki mpango mmoja tu. Jibu tupu sitalipokea, nataka mnieleze ile mingine miwili imeangukia wapi.

Mimi mwalimu wenu mstaafu,
Kisumu