Barua ya Wazi kwa Msajili wa Hazina: Uzoefu wa Teknolojia wa Watendaji Wakuu Upimwe Kabla ya Uteuzi

Ndugu Msajili,

Kila mwaka ofisi yako inapopokea gawio la mashirika ya umma, wananchi tunatazama tarakimu za hundi na kusahau kuuliza ni nani aliyeamua fedha iliyobaki iwekezwe wapi. Ninakuandikia kuhusu mwamuzi huyo, na hasa kazi aliyowahi kuifanya kabla ya kukalia kiti cha Mtendaji Mkuu.

Mwaka 2005 Safaricom ya Kenya, ikiongozwa na Michael Joseph, mhandisi wa umeme, ilijaribu huduma ya kurejesha mikopo midogo kwa simu. Ilipobainika kuwa wateja waliigeuza kuwa njia ya kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe, kampuni ilifuata tabia hiyo, na Machi 2007 ikazindua M-Pesa. Naamini mtu aliyezoea mitandao ya simu hakupata shida kuona kwamba wauzaji wa vocha waliotapakaa hadi vijijini wangeweza kuwa mawakala wa fedha. Mimi ni mhasibu, na nakiri kuwa mizania ya mwaka ule isingenionyesha jambo hilo.

Hata hivyo, ujuzi huo nao una gharama zake. Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kompyuta, iliongozwa na Bob Swan, aliyetokea idara ya fedha, hadi Februari 2021, nafasi yake ikachukuliwa na Pat Gelsinger, mhandisi aliyewahi kusanifu chipu za kampuni hiyohiyo. Mwezi uliofuata alitangaza dola bilioni 20 za kujenga viwanda viwili Arizona. Aliondoka Desemba 2024, mwaka ambao kampuni ilipata hasara inayozidi dola bilioni 18. Mhandisi huona kinachowezekana mapema kuliko sisi, lakini soko halilazimiki kumsubiri.

Kwa hiyo naomba ofisi yako, inapopendekeza majina ya watendaji na wajumbe wa bodi, iandike bayana ni mifumo gani kila mmoja amewahi kuijenga au kuisimamia, badala ya kuridhika na orodha ya shahada. Naomba pia kila andiko la uwekezaji wa teknolojia lipitiwe na mjumbe anayeijua teknolojia husika pamoja na mwingine mwenye mamlaka ya kuhoji bei yake, na maoni ya wote wawili yaingie kwenye muhtasari wa kikao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhasibu mstaafu, Dodoma