Mwacheni mzee atembee

Shoga yangu Mwanahawa,

Voisi yako nimeisikiliza, pole sana, na mama mpe pole zangu. Sasa umeniuliza mambo mawili kwa mpigo, kama ile meseji ya gurupu la familia kwamba mazoezi yanaua kansa ya ini ni kweli, na kama mnafanya sawa kumlaza mzee wenu, baba yako, na hiyo kansa yake ya ini, kutwa nzima. La kwanza sio kweli, ila halikuzuka tu. La pili hapana, hamfanyi sawa, usininunie.

Hiyo meseji mizizi yake ni panya. Kuna watafiti wa Copenhagen, 2016, waliwawekea panya gurudumu la kukimbilia ndani ya vizimba vyao, wenzao hawakuwekewa, na walijaribu kansa za aina tofauti tofauti ikiwemo ya ini. Kwa waliokimbia uvimbe ulipungua zaidi ya asilimia 60. Yani ukikimbia mwili unamwaga adrenalini, hiyo adrenalini inaziamsha chembe za kinga zinajaa kwenye damu, afu kuna kemikali nyingine inatoka kwenye misuli inayofanya kazi ndo inazielekeza mpaka ndani ya uvimbe. Mi nikisoma vitu kama hivi nafurahi kweli. Lakini ona na wale panya wa Uswisi wa 2015, wenye ini la mafuta linalogeuka kansa, walikimbizwa kwenye mashine saa nzima kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 32! Waliokaa tu wote walipata mavimbe makubwa, waliokimbizwa asilimia 71. Maana yake hata hao wakimbiaji wengi wao bado waliyapata, na walianza kukimbia mapema, sio baada ya kansa kujaa tumboni. Hiyo aliyeandika meseji kairuka.

Kwa binadamu kuna ule utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka 2019, nchi 10, watu zaidi ya laki nne na nusu, wanaojishughulisha sana hatari yao ya kansa ya ini ilikuwa chini kwa karibu asilimia 45 kuliko wanaokaa tu. Sawa, ila hao walianza kufuatiliwa wakiwa wazima, kwahiyo hiyo habari inatuhusu mimi na wewe na hivi vitambi vyetu, sio mzee.

Tuje kwa mzee sasa. Ini likiharibika misuli nayo inaisha, na kulala kunaimalizia kabisa. Daktari kabla hajaamua dawa anaangalia mgonjwa anajiwezaje, anatembea? anaoga mwenyewe? au anashinda kitandani zaidi ya nusu ya siku? Akishakuwa wa kitandani matibabu mengi wanayaacha, sio roho mbaya, mwili hauyawezi tena. Kwahiyo nyie mnamlaza kwa upendo huku mnampunguzia nafasi. Mwacheni atembee, hata uani dakika tano apumzike arudie baadae, na ainuke kwenye kiti akae tena mara kadhaa, miguu ndo inayoisha haraka.

Ila muulizeni daktari wake kwanza kama ana ile mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula, mana ini likiwa na makovu damu inakosa njia inajaa huko, na inaweza kupasuka. Ndo maana hatakiwi kunyanyua ndoo wala kitu chochote cha kujikaza huku amebana pumzi. Akitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, au akaanza kuongea vitu visivyoeleweka, msisubiri asubuhi, hospitali hapo hapo.

Afu nani kawaambia mumnyime samaki na mayai? Hayo mambo ya zamani bwana, misuli itajengwa na uji mtupu? Mpeni, na kabla ya kulala ale kitu kidogo, ini bovu haliweki akiba ya kumfikisha asubuhi, usiku kucha mwili unakula misuli yake wenyewe. Chumvi ndo mpunguze kama ana maji tumboni.

La mwisho na hili nakuwa mkali. Mzee alikutwa na homa ya ini B, hivyo virusi vinaambukizwa na ndo vinaweza kuleta kansa ya ini, na nyie watoto wote mmezaliwa kabla ya 2002 chanjo yake haijaanza kupewa watoto wachanga hapa Tanzania, nani kati yenu kapima? Mama je? Nendeni wote, asiye nayo na hana kinga achome sindano zake tatu ndani ya miezi sita, atakayekutwa nayo aanze kliniki mapema. Kaka yako atakuambia yuko bize, mburute.

Nipigie ukishaongea na daktari.

Wako,
Rehema