Spurs: mechi kumi zimekwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Uchambuzi mliochapa juzi kuhusu Tottenham (Spurs), klabu ya London, umenikera. Mwandishi wenu anasema msimu wa 2024/25 ulikuwa aibu tupu, kombe la Europa League, la pili kwa ukubwa kwa klabu za Ulaya, lilikuwa bahati ya mtende, na kocha Ange Postecoglou alistahili kufukuzwa. Mimi ni Spurs, sifichi. Ila hesabu hazina ushabiki.

Nisiyoyakataa ni haya: nafasi ya 17 katika Ligi Kuu England, pointi 38, vipigo 22 katika mechi 38. Ipswich na Leicester, zote zilishuka daraja msimu huo, na zote zilikuja kwetu zikaondoka na ushindi wa 2-1. Mkeka wangu wa siku ile ya Ipswich sitaki hata kuukumbuka. Ni kweli majeruhi walituandama. Kipa Vicario alivunjika kifundo cha mguu, mabeki Romero na Van de Ven wakakaa nje muda mrefu, hadi kijana wa miaka 18, Archie Gray, akasimamishwa beki wa kati. Hata hivyo hayo hayatoshi kueleza kipigo cha Leicester.

Ugomvi wangu na mchambuzi wenu unaanzia Aprili. Tulipoifunga Southampton 3-1 tarehe 6, tulifikisha pointi 37, na kushuka daraja kulibaki kwenye makaratasi tu. Mechi saba zilizofuata tukaambulia pointi moja. Moja! Anayesoma msimamo wa ligi peke yake atasema timu ilikufa. Lakini ni wiki hizohizo tulipoitoa Eintracht Frankfurt kwenye Europa League, kwao Ujerumani, kwa penalti ya mshambuliaji wetu Solanke, kisha kwenye nusu fainali tukaichapa Bodø/Glimt 3-1 London na 2-0 kwenye nyasi bandia za kaskazini mwa Norway, ambako wakubwa kadhaa wamewahi kuumbuka. Tarehe 27 Aprili Liverpool walitupiga 5-1 uwanjani kwao Anfield wakatwaa ubingwa mbele ya macho yetu. Siku nne baadaye tulikuwa na mechi ya kwanza ya nusu fainali hiyo. Kocha alikuwa ameshachagua, na aliyeona ratiba zote mbili alijua amechagua Ulaya, si ligi.

Kuhusu hiyo bahati ya mtende: Manchester United tuliwafunga mara nne msimu huo, mara mbili kwenye ligi, mara moja kwenye Kombe la Ligi (Carabao), na ya nne kwenye fainali ya Europa League mjini Bilbao, Mei 21. Nao walimaliza wa 15, kwa hiyo sijifanyi tuliua simba. Brennan Johnson alifunga dakika ya 42, kisha kocha tuliyeambiwa miaka miwili kwamba hajui kingine ila kushambulia akarudisha wote nyuma kulinda, akapaki basi, tena basi la mkoani lenye mizigo juu. Van de Ven akaruka kinyumenyume kuutoa mpira uliokuwa unavuka mstari, na kwenye kibanda umiza chetu hapa Tanga, kilichojaa watu wa United, nikajikuta napiga kelele peke yangu. Mwenye kibanda alizima luninga kabla nahodha wetu Son hajanyanyua kombe. Marudio niliyatazama kwenye simu.

Lilikuwa kombe la kwanza tangu 2008, la kwanza la Ulaya tangu 1984, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa juu yake. Siku 16 baadaye, Juni 6, kocha akafukuzwa.

Kufukuzwa kwenyewe naweza kukumeza. Klabu ni yao. Kinachonikaba ni sababu, ambayo mchambuzi wenu kainakili bila kuuliza. Klabu ilisema timu imevuna pointi 78 katika mechi 66 za mwisho za ligi. Kwa nini 66? Miaka miwili ni mechi 76. Hizo kumi zilizoachwa ni zile za mwanzo wa 2023/24, tulipokusanya pointi 26 tukiongoza ligi. Ukizirudisha, jumla ni pointi 104 katika mechi 76. Bado si hesabu ya kujivunia, nakubali, lakini ni nzima. Muuza samaki akikupimia huku kidole chake kiko kwenye mzani, utamwambia akitoe.

Mkirudi kwenye suala hili, naomba hesabu ya mechi 76 nayo ichapwe.

Msomaji wenu,
Tanga