Kamba zimekula upana

Njombe, Julai

Dada Zawadi,

Salamu nyingi, na Mama mpe shikamoo yangu. Huku hatujambo, ila baridi imekaza kwelikweli. Picha uliyotuma jana ya sweta unalofuma, ambalo mbele yake imepungua sentimita 4, nimeitazama sana, nikaona nisingoje Jumapili, maana umesema mafunzo ya kufuma kamba ni keshokutwa na kina mama wanakuja na nyuzi zao tayari.

Kamba zako, ile misokoto inayopanda juu ya sweta, zimelala vizuri, tena zimejaa. Kilichokuangusha ni hesabu ya vitanzi. Ulipima kwenye pleni, yaani mfumo wa kawaida usio na kamba, ukapata vitanzi 22 kwa sentimita 10 na sindano za milimita 4, kwa hiyo sentimita 50 ukazipandishia vitanzi 110. Kwa pleni hesabu hiyo haina kosa. Lakini vitanzi 3 vikipanda juu ya 3 vingine, kitambaa kinajivuta. Kamba ya vitanzi 6, ambayo kwenye pleni ingechukua karibu sentimita 2.7, ikishasokotwa inabaki kama 1.9. Wewe una kamba 5, kila moja imekula milimita 8: hizo ndizo sentimita 4 unazozitafuta. Nyuma ukifuma hivyohivyo, kifua kitapungua sentimita 8, na sweta halitaingia.

Fumua, lakini ishie kwenye ribu, ule ukingo wa chini unaovutika. Ribu iache na vitanzi vyake 110. Kwenye mstari wake wa mwisho, pale kila kamba itakapoanzia, ongeza vitanzi 2, yaani 4 viwe 6. Utakuwa na 120. Na ukifika mabegani usisahau kuvipunguza vilevile kwenye mstari wa kufungia, viwiliwili kwa pamoja, la sivyo ukingo utafanya mawimbi kama pindo la gauni.

Kwa kina mama, usianze na sweta. Wapandishe vitanzi 18 tu: pali 6 (pali ni kinyume cha pleni), pleni 6, pali 6. Wakigeuza, wafuate wanachokiona: pleni 6, pali 6, pleni 6. Mistari minne hivyo. Mstari wa 5 wafume pali 6, kisha vitanzi 3 vya kwanza vya kamba wavihamishie kwenye sindano fupi bila kuvipindua, waiache mbele ya kazi, wafume pleni 3 zinazofuata, halafu warudi kufuma zile 3 za sindano fupi. Kamba hiyo inaelekea kushoto. Sindano fupi ikikaa nyuma ya kazi, inaelekea kulia. Mstari wa 6 wa kurudi, halafu mstari wa kwanza tena. Kwa hiyo wanapishanisha mstari wa 5, wa 11, wa 17. Siku zote ni upande wa sura, na anayejikuta anapishanisha upande wa ndani ajue ameruka mstari.

Sindano fupi msinunue. Spoki ya baiskeli inatosha: kata sentimita 12, sugua ncha zote mbili kwa msasa hadi zisikwaruze kidole, kisha ikunje kidogo katikati ili vitanzi vitulie bondeni visiteleze. Unene wake, milimita 2, ni mdogo kuliko sindano za kazi, na ndivyo inavyotakiwa. Nene ingevivuta vitanzi vikabaki na midomo wazi.

Midomo wazi inanikumbusha ile pleni ya mwisho ya kamba, upande wa kushoto. Hiyo hulegea kwa wengi. Waambie wakishafuma pali ya pili baada ya kamba wavute uzi kidogo, hapohapo.

Na yupo atakayepishanisha kinyume, agundue mistari 10 baadaye, atake kufumua kila kitu. Usimruhusu. Aangushe vile vitanzi 6 tu hadi kwenye kosa, vingine vibaki sindanoni. Atabaki na ngazi ya nyuzi katikati. Vitanzi 3 avitie kwenye spoki moja, 3 kwenye nyingine, azibadilishe nafasi, kisha apandishe kitanzi kwa kitanzi kwa sindano ya kroshia, akianza na uzi wa chini kabisa wa ngazi. Mwanzoni vitaonekana vimekazana na vingine vimelegea. Avisawazishe kwa ncha ya sindano, na kufua kutamalizia.

Uzi uwe wa rangi nyepesi, uliosokotwa nyuzi tatu au nne. Uzi wa rangi mchanganyiko unameza kamba yote, kazi ya bure. Na wa akriliki usipitishiwe pasi ya moto kamwe, kamba zitalala na hazitaamka tena. Fua kwa maji vuguvugu, tandaza juu ya taulo, nyoosha kwa mkono.

Lile ulilosikia kwamba huko Visiwa vya Aran, Ireland, kila ukoo ulikuwa na kamba zake ili mvuvi aliyezama atambulike kwa sweta, usiwafundishe. Si kweli. Sweta zile zenyewe ni za karne ya 20, na nyingi zilifumwa ziuzwe.

Ila hata ukisahau yote, hili la upana wasiondoke bila hilo. Kila mmoja apime kipande chake cha kamba, kikishafuliwa na kukauka, ndipo apige hesabu ya sweta. Akipima kwenye pleni atarudi kwako analia.

Je, uzi uliobaki unatosha? Kamba zinakula uzi kuliko pleni, ongeza donge moja hata kama unaona unao. Lile sweta ni la nani, la yule mteja wa Soni au la Baba? Anataka lini? Bibi Tunu atakuja Jumamosi, na macho yake yanaonaje siku hizi? Nikutumie spoki zilizokwisha kukatwa, au fundi wa hapo atakukatia?

Wako,
Mama Baraka