Kuhusu jino la Chebet

Njoro, Nakuru

Mpendwa Mama Akinyi,

Pokea salamu nyingi, wewe, Baba Akinyi na watoto wote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Chebet, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu baada ya kimya kirefu. Habari za kimya chenyewe tutazungumza tukionana.

Gego lake la chini limetoboka, na tangu muhula uanze anatafunia upande mmoja huku akidai kwamba halimuumi tena. Kila mtu hapa nyumbani anasema anaogopa sindano. Mimi sikubali, kwa maana mtoto huyu hudungwa chanjo bila hata kufumba macho. Anachoogopa ni kufunua kinywa mbele ya mtu. Unayajua maji ya visima vya huku: mengi yana floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na watoto wanaoyanywa wangali wadogo huota meno yenye madoa ya kahawia, ambayo hayaondoki hata wasugue namna gani. Mwaka jana, katika kliniki moja, mhudumu alimwuliza mbele ya foleni nzima kama kwao hakuna mswaki. Tangu hapo hucheka akiwa ameziba mdomo, na akisikia neno kliniki huondoka sebuleni.

Baba yake anataka ashikwe, jino ling'olewe, yaishe. Nimekataa, kwa sababu anayeshikwa kwa nguvu akiwa na miaka 15 hatakikalia kiti kile tena kwa hiari yake, hadi usaha umlazimishe. Nilimweleza Chebet ulivyoniambia, kwamba ganzi hushika kwa shida penye usaha, na kwamba anayengoja kwa kuogopa maumivu ndiye huishia kuyapata. Akanijibu kwamba basi heri asiende kabisa. Utabishana vipi na kijana wa namna hiyo?

Ndiyo maana ninaomba nimlete kwenu Kisumu likizo ya Agosti, aonwe na daktari unayefanya kazi naye. Tafadhali mwambie mapema kuhusu yale madoa, ili asiyataje mpaka Chebet mwenyewe ayataje. Na umwombe Mzee wa Ahero asimsimulie jinsi alivyong'olewa meno sita ya chini kwa mila ya Wajaluo enzi zao, bila ganzi yoyote!

Je, daktari huyo humwonyesha mgonjwa vifaa kabla ya kuvitumia? Hukubali mgonjwa ainue mkono ili kazi isimame kidogo? Jino likiwa bado linazibika, ataliziba au wao hung'oa tu? Mimi niingie naye, au nibaki nje asione haya? Naomba unijibu kabla shule hazijafungwa, kwa kuwa wiki hiyo nauli hupanda, nami ningependa kukata tikiti mapema.

Rafiki yako,
Mama Chebet