Ukikosa maneno ya katikati, bei huanguka

Nahodha wa hapa Lamu ukimuuliza bei kwa Kiswahili, utakaa naye kitako. Atakujulia hali, atakueleza upepo wa leo, atakuapia kwamba kwa bei hiyo hata mafuta ya mashine hayatoshi, na mwisho mtapatana, kila mtu ameridhika. Huyo huyo akikutana na mgeni pale uwanja wa Mkunguni ana maneno mawili tu ya Kiingereza: bei ya kwanza na bei ya mwisho. Katikati hana kitu. Na asiye na la kusema katikati hushuka bei.

Nalijua hili kwa sababu lilinipata. Kabla ya kufungua darasa la Kiingereza nilikuwa baharia. Siku moja mgeni aliniuliza safari ya Takwa, kwenye magofu ya kisiwa cha Manda, watu wanne, kutwa nzima. Nikamwambia elfu nane. Akanyamaza, akatazama bahari. Nikasema elfu saba. Kimya. Nikasema sita, na tano ilikuwa tayari ulimini. Tulipokuwa njiani, tumeshazoeana, akaniambia kwamba alikuwa akipiga hesabu ya pesa za kwao kichwani, na ile elfu nane aliiona ya haki. Elfu mbili zilikwenda kwa kimya cha nusu dakika, na zile hazikuwa zangu peke yangu. Tulikuwa mabaharia wawili wa kugawana.

Ndiyo maana somo letu la kwanza ni kutaja bei pamoja na vilivyomo, kisha kunyamaza: "It's eight thousand for the boat. That includes lunch, fruit and water." Basi. Mwache ahesabu. Akiona ghali atasema, na hapo ndipo mapatano yanapoanza.

La pili unalo tayari mdomoni. Seremala wa viti vya enzi husema kila siku, "Ukichukua viwili, nitakupunguzia." Hiyo -ki- ndiyo "if" ya Kiingereza: "If you take two, I can come down a little." Bei haikushuka bure, imeshuka na kiti cha pili kimeuzika. Hili tunalirudia darasani mpaka linatoka bila kufikiri, kila mtu kwa kazi yake: hina, vyumba, mashua, kofia.

Lakini linaloniuma zaidi ni adabu. Sisi adabu tumeitia ndani ya kitenzi chenyewe. "Unipe elfu tano" haina ukali wowote kwa Mswahili. Ukiigeuza ikawa "Give me five thousand", mgeni anasikia amri, uso unambadilika, nawe hujui umekosa wapi. Mtu mpole, aliyelelewa akaleleka, anaonekana mkali kwa neno moja! Sema "Could you make it five?" Kazi ya ile -e ya mwisho wa "unipe", kwa Kiingereza inafanywa na "could".

Yako pia mambo yasiyopatanwa, nayo yanataka sababu. Ule mkono wa bahari wa kuingilia Takwa, katikati ya mikoko, haupitiki maji yakiwa yamekupwa. Mgeni asiyeelezwa hudhani unamharakisha ili ulipwe upesi. Mwambie: "The creek is too shallow at low tide, so we leave at nine." Nine, si three. Saa tatu yetu ni nine yao, na ukimwambia three atakuja gatini saa tisa alasiri, maji yameshakwenda zake.

Tarakimu ziandike. Fifteen na fifty zinachanganya hata masikio ya wageni wenyewe, maana wengi wao si Waingereza. Ni Wataliano, Wajerumani, Waholanzi, nao Kiingereza wamejifunza kama wewe. Kwa hiyo sentensi fupi hazikushushii hadhi. Zinawasaidia nyote wawili.

Darasa letu liko mtaa wa Langoni, Jumatatu hadi Alhamisi baada ya Isha, watu wanane kwa zamu ili kila mmoja apate kusema. Hatuanzi na kitabu. Mmoja anakuwa mgeni, mwingine anauza, wengine wanasikiliza bei iliposhukia. Kina mama wana zamu yao baada ya alasiri. Kipindi cha kwanza hulipi. Uje na kitu unachouza na bei yako ya kweli.