Usimlipe fundi wa kibao kwanza

Rehema shosti,

Za tangu juzi, watoto hawajambo? Picha ya kibao nimeiona jana usiku nikacheka mpaka baba watoto akauliza kulikoni. Huyo fundi usimpe hata mia kwanza. Kaandika SHOES SHOP, halafu chini GOLDEN CHAINS AND LEATHERY SANDALS, jamani!

Sikia, sisi tunasema duka la viatu, viatu vinakaa nyuma na wingi wake. Mzungu anaitanguliza mbele ile nomino, tena anainyang'anya wingi, "shoe shop", hata kama ndani umejaza pea 500, ndo maana mswaki nao ni "toothbrush" na meno mtu anayo 32. Ila usishike hapo ukaona umemaliza, kuna "clothes shop" na "sports shoes", hizo hazina dawa, unameza tu.

Sasa hiyo leathery ndo imeniua. Sendo zikiwa zimeshonwa kwa ngozi unaweka nomino yenyewe kavu kavu, "leather sandals", basi. Ukiigeuza kivumishi, "leathery", umesema kitu kinafanana na ngozi, kigumu hakitafuniki, kama ile nyama ya pilau tuliyokula kwenye ile harusi (unaijua, sitaji). Na golden hivyo hivyo, siku hizi mara nyingi wanamaanisha rangi tu, cheni za dhahabu ya kweli ni "gold chains". Kama zako ni za kupaka, hilo unajua wewe na Mola wako, iache golden ikae hahaha.

Wala sina ubavu wa kukucheka sana. Nilivyoomba kazi kwenye shule moja nikaandika "I am an economical teacher", najua nasema nafundisha uchumi, kumbe nimejitangaza mwalimu wa kubana matumizi! Ilitakiwa "economics teacher". Kwenye intavyuu mzee mmoja akaniuliza, kwa utulivu kabisa, chaki moja huwa inakutosha wiki ngapi. Kazi sikupata.

Mwambie fundi afute, aandike SHOE SHOP, LEATHER SANDALS. Jumamosi ntapita nikione, niandalie kikombe cha chai, namaanisha "cup of tea", maana "tea cup" ni kikombe hata kikiwa kitupu, na mimi sipandi daladala mbili kuja kuangalia vyombo.

Wako,
Mwl. Asha